Charles Brandon, Shemeji wa Mfalme

Tarehe 22 Agosti, 1485, katika vita vya Bosworth huko Uingereza, William Brandon aliuawa akiwa ameishika bendera ya Henry Tudor. Henry alishinda, akatawazwa kuwa Mfalme Henry wa Saba. Charles, mwana wa yule mshika bendera, alikulia katika jumba la mfalme, akawa rafiki mkubwa wa mwana wa mfalme, aliyetawala baadaye kwa jina la Henry wa Nane.

Mwaka 1514 Henry huyo alimfanya Brandon kuwa Duke wa Suffolk, na mwaka uliofuata akamtuma Ufaransa kumrudisha Mary, dada yake, aliyefiwa na mumewe, Mfalme Louis wa Kumi na Mbili. Kumbe Brandon alimwoa Mary kwa siri mjini Paris bila idhini ya mfalme! Kosa hilo lingaliweza kumpotezea kichwa. Lakini Askofu Mkuu Wolsey aliwaombea, naye Henry akaridhika na faini ya pauni 24,000, ilipwe pauni 1,000 kila mwaka.

Henry aliwakata vichwa wakubwa wengi, hata wake zake wawili. Brandon alifariki salama tarehe 22 Agosti, 1545, miaka 60 kamili baada ya baba yake, akazikwa Windsor kwa gharama ya mfalme.

Mjukuu wake, Jane Grey, alifanywa malkia kwa siku tisa tu mwaka 1553, na mwaka 1554 alikatwa kichwa. Urafiki na mfalme ulimwokoa babu. Damu ya kifalme ilimponza mjukuu.