Gari Lipi, na Saa Ngapi? Shauri kwa Apandaye Matatu Kwenda Kazini

Kupata kazi ni jambo moja, na kufika kazini kila siku kwa saa yake ni jambo jingine. Wengi wetu hufurahi sana siku ile barua ya kazi ifikapo, wakapokea pongezi za jamaa na jirani, wala wasifikiri hata kidogo habari za njia, mpaka ile asubuhi ya kwanza wanaposimama kando ya barabara na kuona magari yakiwapita moja baada ya jingine, yote yamejaa.

Jambo hili limewagusa watu wengi wa upande wa Malindi tangu mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi kwa Katiba ya 2010, na makao makuu ya kaunti yetu yakawa mjini Kilifi. Kutoka Malindi mpaka Kilifi ni kama kilomita 60. Makarani, waalimu na vijana wa Chuo Kikuu cha Pwani huipita njia hiyo kila siku, na wengi wao hawatoki mjini Malindi, bali vijijini: Gede, Watamu, Mida na Matsangoni. Kwao swali ni hili: nipande gari lipi, wapi, na saa ngapi?

Naomba niwasimulie habari za mpwa wangu, maana ndani yake mna mafundisho ambayo mtu yeyote aweza kuyatumia.

Siku tatu za majaribio

Kijana huyu hukaa karibu na Jimba, baina ya Gede na Watamu, pamoja na mama yake, mkewe na mtoto mdogo. Alipopata kazi ya ukarani Kilifi, barua ilisema kwamba atakuwa katika majaribio kwa muda wa miezi sita, na kwamba kazi huanza saa mbili asubuhi. Akanijia jioni, akanishika mkono, akasema, “Shikamoo, mjomba. Nimekuja kutaka shauri. Nihamie Kilifi, au niwe nikienda na kurudi? Mama hapendi niondoke, lakini naogopa kuchelewa.”

Nikamjibu, “Marahaba, mwanangu. Kuna wiki nzima kabla ya kuanza kazi. Usikate shauri kwa kukisia. Enenda mara tatu, kila siku kwa njia mbalimbali, na uandike saa.” Akafanya hivyo, nami siku ya tatu nikafuatana naye.

Siku ya kwanza alitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, akapanda bodaboda, akafika njia panda ya Gede baada ya dakika 10. Njia hii ndiyo fupi, maana kutoka Gede mpaka Kilifi ni kama kilomita 40 tu. Lakini magari yapitayo hapo huwa yamekwisha jaza abiria Malindi, na makondakta wengi humtaka mtu aendaye Mombasa kuliko yule atakayeshuka Kilifi. Magari matano yalimpita. Alingoja dakika 45, akapata kiti, akafika kituo cha Kilifi saa mbili na dakika 10. Alipokwenda kwa miguu mpaka mlangoni pa ofisi, saa ilikuwa mbili na dakika 20. Kama ingalikuwa siku ya kazi, angalikuwa amechelewa.

Siku ya pili akafanya kinyume. Alitoka saa kumi na moja na nusu, akarudi nyuma mpaka Malindi, ili apande kituoni penyewe. Huko kiti ni cha hakika, lakini gari haliondoki mpaka lijae, naye alikaa ndani dakika 25 akingoja wenzake. Alifika ofisini saa mbili kamili, bila dakika moja ya akiba, baada ya safari ya saa mbili na nusu. Tena alikuwa amelipa nauli zaidi, kwa kuwa alianza safari kwa kwenda kaskazini, hali kazi iko kusini.

Siku ya tatu tuliuliza kwanza. Pale njia panda yuko mama mmoja auzaye mahamri na chai tangu alfajiri. Tulimwamkia, tukanunua, tukamweleza shida yetu. Akacheka, akasema, “Magari yatokayo Malindi alfajiri huwa na nafasi. Ikipita saa kumi na mbili na robo, hapana kitu, labda bahati. Waulizeni wale waalimu, wao ndio wenye dawa.” Kweli tuliwakuta waalimu watatu. Walitueleza kwamba wana namba ya simu ya kondakta mmoja, humpigia kabla hajaondoka Malindi, naye huwawekea viti. Siku hiyo tulikuwa tumefika Gede saa kumi na mbili kasorobo. Gari la pili lilikuwa na nafasi mbili, likaondoka nasi baada ya dakika 10. Saa moja kamili tulikuwa mlangoni pa ofisi, na mlango ungali umefungwa.

Tazameni hesabu hii. Siku ya tatu kijana alitoka nyumbani dakika 40 mapema kuliko siku ya kwanza, lakini alifika dakika 80 mapema. Barabara ilikuwa ile ile, umbali ule ule, na nauli ile ile. Kilichobadilika ni saa tu.

Wakati hupotea katika kungoja

Watu wengi hudhani kwamba gari jema ni lile liendalo mbio. Sivyo. Kanuni za magari ya abiria zilizoanza kutumika mwezi wa Februari 2004, ambazo watu huziita Sheria za Michuki kwa jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliweka mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na mkanda wa usalama kwa kila abiria. Haya, tufanye kwamba dereva mmoja aifuata kanuni, na mwingine aivunja kwa kwenda kilomita 100 kwa saa. Katika kilomita 40, wa kwanza atatumia dakika 30, na wa pili dakika 24. Faida ya kuhatarisha roho za watu ni dakika 6 tu! Lakini mtu aliyekosa kiti Gede alipoteza dakika 45 hali amesimama. Basi ukitaka kufika mapema, usimhimize dereva. Jihimize mwenyewe kutoka kitandani.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa somo hili. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri aliyetoka Takaungu au Mombasa alilazimika kuvuka mlango wa bahari kwa pantoni, na alipokuwa akihesabu safari yake hakuanza kwa kuuliza mbio za gari, aliuliza foleni ya pantoni. Siku hizi pantoni haipo, lakini foleni ingalipo. Imehamia vituoni na njia panda.

Nao wanaokuja Kilifi kutoka Mtwapa au Kikambala wakumbuke jambo moja: asubuhi watu wengi huelekea Mombasa. Mwenye kuelekea Kilifi huenda kinyume cha umati, na hiyo ni bahati yake. Asiogope msongamano asioupanda.

Hesabu ya fedha

Baada ya saa, hesabu fedha, tena uzihesabu kwa mwezi, si kwa siku. Natoa mfano tu. Kila msomaji na aweke nauli za njia yake. Tuseme bodaboda ni shilingi 50, na matatu toka Gede mpaka Kilifi ni shilingi 150. Kwenda na kurudi ni shilingi 400, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 8,800. Sasa tuseme njia ya kuzungukia Malindi humwongezea shilingi 100 kila asubuhi. Mia moja ni kitu kidogo mkononi, lakini mara 22 ni shilingi 2,200. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vilevile.

Kisha pima na gharama ya kuhamia. Mwenye kupanga chumba Kilifi halipi kodi peke yake. Atanunua chakula ambacho nyumbani angekipata shambani, atapika kwa mkaa au gesi yake mwenyewe, na mwisho wa juma atalipa nauli vilevile aende kuwaona watu wake. Kwa mpwa wangu, mwenye mama mzee na minazi ya kuangalia, hesabu ilionyesha kwamba kwenda na kurudi ni nafuu. Kwa kijana asiye na jamaa, huenda ikawa kinyume. Hapana jibu moja kwa watu wote.

Safari ya jioni

Wengi huitengeneza safari ya asubuhi, wakaisahau ya jioni, na jioni ndipo mtu huwa amechoka na kudanganywa upesi. Hapo Kilifi kuna magari ya namna mbili. Yako yanayojaza abiria papo hapo kituoni, na yako yatokayo Mombasa kwenda Malindi. Haya ya Mombasa hushusha watu Kilifi, hivyo huacha nafasi, nayo huondoka upesi.

Ukipanda kituoni, usikubali kuvutwa na wapiga debe mpaka ndani ya gari tupu. Gari huondoka likijaa, basi tafuta lile lililobakiza viti viwili au vitatu. Lakini fungua macho: mara nyingine wapiga debe wenyewe hukaa ndani kama abiria, ili gari lionekane limejaa, kisha hushuka mmoja mmoja. Tazama mikononi na magotini. Abiria wa kweli ana mfuko, au mtoto, au kifurushi. Asiye na chochote, na anayezungumza na utingo kama ndugu yake, yamkini hasafiri.

Tena patana nauli kabla ya kukaa, ukataje mahali utakaposhuka. Kondakta akikuambia kwamba wa Gede atalipa kama wa Malindi, ni heri ulijue hilo ungali chini.

Uwe na njia ya pili

Njia njema ya kila siku si njia njema ya siku zote. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, bodaboda hupita kwa shida katika njia za vijijini. Karibu na Krismasi na siku za kufungua shule, magari hujaa na nauli hupanda. Na mwezi wa Novemba 2023, mvua kubwa za El Niño zilipokuja, maji yalilifunika daraja la Mbogolo, kati ya Kilifi na Malindi, hata safari za barabara ile zikakatika. Siku kama hiyo hakuna werevu utakaokufikisha. Lililobaki ni kupiga simu ofisini mapema na kueleza, wala si kuonekana kesho yake na maneno mengi.

Mpwa wangu alikata shauri hivi: siku za kawaida atakuwa Gede kabla ya saa kumi na mbili kamili. Jumatatu, siku ambayo watu waliokuja makwao hurudi makazini, atazungukia Malindi, na ile shilingi 100 ataihesabu kuwa ni bei ya kiti cha hakika. Na rafiki mmoja wa Kilifi amemkubalia kulala kwake siku barabara itakapoharibika.

Ameimaliza ile miezi sita, naye amethibitishwa kazini. Mkubwa wake alimwambia kwamba, miongoni mwa makarani wote, yule akaaye mbali kuliko wenzake ndiye afikaye kwanza. Mama yake bado humwona kila jioni akirudi, huku mtoto akimkimbilia njiani.

Basi ndugu msomaji, ukipata kazi mpya, usingoje siku ya kwanza ndipo uijue njia. Ijaribu kabla, andika saa, hesabu fedha kwa mwezi, na umuulize anayeiona barabara kila alfajiri, hata kama ni mwuza mahamri. Kuuliza si ujinga, na chai yake ni tamu.