Kusomana Hadharani: Desturi za Watunga Programu za Sayansi

Katikati ya mwaka 2011 wanaastronomia waliokuwa wakitumia lugha ya kompyuta ya Python walijadiliana kwa ukali, na mjadala ule ukazaa jambo jema. Kila kikundi kilikuwa na programu yake ya kukokotoa mahali nyota ilipo angani, yake ya kusoma mafaili ya darubini, na yake ya kubadili vipimo. Watu werevu walikuwa wakiandika kitu kilekile upya, kila mmoja chumbani kwake, na kila mmoja akikosea kwa namna yake. Mwezi Oktoba mwaka huohuo baadhi yao wakakutana Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kupanga namna ya kuandika mkusanyo mmoja wa programu utakaokuwa mali ya wote. Mkusanyo huo ndio Astropy.

Uwanja wa kazi ya pamoja walikwisha kuupata. Mwaka 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, alikuwa ameandika Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko linalofanywa kwenye msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Mwaka 2008 ikafunguliwa tovuti ya GitHub, na kwa miradi iliyowekwa wazi hapo, mwenye intaneti yeyote akaweza kuisoma historia hiyo. Kila badiliko lina utambulisho wa herufi na tarakimu 40, na limeandikwa jina la aliyelileta, siku, saa, na kwa kawaida sababu yake. Mtu anaweza kuuliza ni nani aliyegusa mstari fulani wa fomula fulani miaka kumi iliyopita, na jibu likaja papo hapo.

Msomaji aliyekulia kijijini huenda akaukumbuka msaragambo, watu wanapoitwa kwa pamoja kuchimba mtaro au kufyeka njia. Kufanana kupo, lakini hapa hakuna mbiu wala siku moja ya kukutana. Mmoja analeta kazi yake usiku akiwa Bogotá, mwingine anaisoma asubuhi akiwa Berlin, na inawezekana wasionane maisha yao yote. Watu wa namna hii wasingeweza kujenga kitu cha kudumu bila mila kali za kupokeana na kusahihishana.

Mila ya kwanza ni ya kumpokea mgeni. Miradi mingi ina maandishi ya kumwelekeza anayeanza, na orodha ya kasoro zinazosubiri kurekebishwa. Baadhi ya kasoro ndogo hutiwa alama kuwa zinawafaa wageni, na wazoefu wa mradi mara nyingi huziacha makusudi, hata pale ambapo wao wenyewe wangezimaliza kwa dakika chache. Mgeni haugusi msimbo wa wote moja kwa moja. Anatengeneza nakala yake, anafanya marekebisho humo, kisha analeta ombi kwamba marekebisho hayo yaunganishwe na kazi ya wote.

Hapo ndipo inapoanza desturi iliyo moyo wa jamii hii, yaani kusomana. Kwanza mashine huendesha majaribio kwenye mifumo mbalimbali ya kompyuta, na jaribio likishindwa alama nyekundu inaonekana kwa kila mtu. Baada ya mashine wanakuja watu. Mtunzaji wa mradi husoma mstari kwa mstari na kuuliza pembeni ya mstari huohuo. Je, hesabu hii inakubali nyota iliyo karibu kabisa na ncha ya anga? Mbona hakuna jaribio la faili tupu? Mtumiaji wa kawaida atayaelewa maelezo haya? Aliyeleta kazi hujibu, hurekebisha, huleta tena. Ombi dogo laweza kupita siku hiyohiyo; kubwa laweza kukaa miezi. Profesa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita mlango huohuo, na si ajabu kumwona mwanafunzi akimwonyesha profesa kosa lake, profesa akashukuru, na shukrani ile ikabaki imeandikwa.

Ni desturi ya kuonewa fahari. Katika majarida mengi ya kisayansi kazi hupitiwa faraghani, na watu wachache wasiotajwa majina, ilhali utafiti umekwisha fanyika. Hapa kusomwa ni sehemu ya kutengeneza. Hata majarida yameanza kuiga: Journal of Open Source Software, lililoanza mwaka 2016, hupitia programu za utafiti kwenye GitHub, hadharani, wapitiaji wakijulikana kwa majina.

Kusahihishwa mbele ya watu kunauma, na jamii hizi zilichelewa kujifunza adabu yake. Torvalds mwenyewe alijulikana kwa matusi dhidi ya walioleta kazi mbovu, mpaka Septemba 2018 alipoomba radhi na kujiweka kando kwa muda. Leo miradi mikubwa ya sayansi ina kanuni za mwenendo zilizoandikwa na watu waliopewa kazi ya kupokea malalamiko. Sheria ya msingi ni kuisema kazi bila kumsema mtu.

Maamuzi makubwa nayo yana utaratibu wake. Anayetaka kubadili jambo zito katika Astropy huandika pendekezo rasmi, likajadiliwa na kila anayependa, kisha likakubaliwa au kukataliwa na sababu ikawekwa kumbukumbu. Desturi hiyo ilitoka kwa watunzaji wa Python yenyewe, ambako kwa miaka mingi mwanzilishi wake, Guido van Rossum, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Julai 2018, baada ya mabishano yaliyomchosha, aliachia nafasi hiyo, na sasa lugha hiyo inaongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa.

Jamii hii huwaenzi wafu wake pia. John Hunter alikuwa mtafiti wa ubongo huko Chicago, akichunguza mawimbi ya umeme ya wagonjwa wa kifafa. Kwa kukosa chombo cha kuyachora alikiandika mwenyewe, akakitoa kwa wote mwaka 2003 kwa jina la Matplotlib. Alifariki Agosti 2012. Kuna shindano la uchoraji wa takwimu linalobeba jina lake, na NumFOCUS, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka aliofariki, ndilo linalosimamia fedha za Matplotlib, Astropy na NumPy, ile programu ya hesabu ambayo hizo mbili zimejengwa juu yake.

Aprili 10, 2019, dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo katikati ya galaksi ya M87. Data zilitoka kwenye darubini kadhaa. Mwaka uliotangulia timu nne za watafiti zilikuwa zimetengana kwa wiki saba, kila moja ikitengeneza picha yake bila kusema na nyingine, ili wasije wakaonyeshana walichotarajia kuona. Walipokutana, picha zao zilifanana: pete yenye mwanga mkali upande wa chini. Miongoni mwa programu zilizotumika ilikuwamo eht-imaging, iliyowekwa wazi GitHub na kujengwa juu ya NumPy, Matplotlib, Astropy na SciPy, programu nyingine ya hesabu za kisayansi.

Siku tano baada ya picha ile, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ulikataa ombi la fedha za kuitunza SciPy na programu nyingine za aina yake.

Hilo ndilo jeraha la jamii hii, na halifai kupitwa haraka. Vyuo hupandisha watu vyeo kwa makala walizochapisha. Saa ambazo mtunzaji amekaa akisoma ombi la mtu asiyemjua, kujibu swali lilelile na kutoa toleo jipya usiku wa manane, hazina safu kwenye fomu ya kupandishwa cheo. NumPy 1.0 ilitoka mwaka 2006. Ilibidi ufike mwaka 2017 ndipo ipate ruzuku yake kubwa ya kwanza, kutoka mifuko ya Moore na Sloan. Kwa miaka yote hiyo wanasayansi wengi walitegemea kazi ya watu wachache waliojitolea. Mwaka 2016 baadhi ya wanaastronomia walichapisha waraka wenye kichwa “The Astropy Problem”, wakilalamika kwamba taaluma yao inategemea chombo isichokilipia. Walikuwa na haki. Beji ambayo GitHub iliwapa watu karibu 12,000 mwaka 2021, kwa kuwa msimbo wao ulisaidia helikopta ya Ingenuity kuruka Mars, ilikuwa heshima ya kweli, lakini beji hailipi kodi ya nyumba.

Mtindo huu wa maisha umefika pia kwenye Kiswahili. Masakhane, jamii ya watafiti wa lugha za Afrika iliyoanza mwaka 2019, imeweka msimbo na data zake nyingi kwenye GitHub. Mwaka 2021 ilitoa MasakhaNER, mkusanyo wa habari za magazeti na redio katika lugha 10, Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda na Kijaluo zikiwamo, ambamo majina ya watu, mahali, mashirika na tarehe yametiwa alama ili kompyuta ijifunze kuyatambua. Bila kufundishwa, kompyuta haiwezi kujua kama Neema au Baraka kwenye sentensi ni mtu au ni neno la kawaida. Alama hizo ziliwekwa na watu wanaoijua lugha tangu utotoni. Hapo Masakhane ilifanya kile ambacho vyuo vingi bado vinasita kufanya, yaani kuitambua kazi ya kila mmoja. Makala iliyoeleza kazi hiyo ina waandishi zaidi ya 50, na kazi yao ilikuwa ya aina nyingi: kuandika msimbo, kukusanya habari, kuratibu lugha moja moja, na kukaa na maandishi sentensi kwa sentensi kutia alama.