Ndoo Mbili Jikoni

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina chombo kimoja tu cha taka. Kinakaa jikoni au nyuma karibu na bomba, na humo huingia kila kitu: maganda ya ndizi, ukoko wa ugali, chupa ya maji, pampasi ya mtoto, boksi la sabuni, betri ya rimoti. Kikijaa kinamwagwa kwenye kiroba, kiroba kinafungwa kamba, na siku gari la mkandarasi linapopita kinatolewa nje. Mwenye nyumba amelipa ada yake na mlango wake ni safi. Lakini hatima ya taka zile ilishaamuliwa jikoni, saa ile ganda la papai lilipoangukia juu ya gazeti kavu.

Nafanya kazi ya taka ngumu za miji, na kila mwaka naulizwa jiji linahitaji mtambo gani, magari mangapi, teknolojia ya nchi gani. Jibu langu huwakatisha tamaa wengi: kwanza tutenganishe kinachooza na kisichooza, nyumbani, kabla havijagusana. Bila hilo, mtambo wowote tutakaonunua utalishwa uchafu.

Tuanze na mizani. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mkazi wa Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Familia ya watu 5, basi, hutoa kilo 2.3 kwa siku, yaani kilo 16 kwa wiki. Ripoti hiyohiyo inaonyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini asilimia 56 ya taka ni mabaki ya chakula na majani, na katika nchi za kipato cha kati cha chini, kundi ambalo Tanzania iliingizwa mwaka 2020, ni asilimia 53. Zaidi ya nusu ya kiroba chako, kwa hiyo, ni vitu vilivyotoka shambani. Na maganda ya matunda na mboga, robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji.

Fikiria hesabu hiyo ikiwa barabarani. Gari la taka linatoka Kimara au Mbezi, linapenya foleni hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, ambalo liko takribani kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na karibu asilimia 40 ya mzigo wake ni maji ya maganda. Tunanunua dizeli ili kuyapeleka maji Pugu. Gari likijaa mapema huacha mitaa ambayo haijafikiwa, na barabara ya vumbi ikigeuka tope wakati wa masika, wiki inapita bila kuliona. Viroba vinabaki nje, kunguru wanavitoboa, mbwa wanamalizia, na aliyechoka na harufu anasubiri mvua inyeshe ausukumie wake mtaroni. Mtaro ukiziba, mvua hiyohiyo ndiyo inayofikisha maji kitandani kwa mkazi wa bondeni.

Jiji hili limehangaika na dampo kwa miaka mingi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia moshi, inzi na harufu ya dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, na mahakama ikaliamuru Jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likaomba muda, likaomba tena. Mwaka 1991 mahakama ilikataa kuongeza muda, na katika kukataa ikaeleza kwamba kumweka mtu katika hewa ya namna ile ni kugusa haki yake ya kuishi iliyomo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Magari yakaelekezwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Nawaheshimu sana wale wananchi wa Tabata. Walidai kitu ambacho kila mmoja wetu angekidai. Ila kila dampo lililofungwa lilifunguliwa kwa jirani mwingine, kwa sababu kilichokuwa ndani ya kiroba hakikubadilika.

Na kinachooza ndicho kinacholifanya dampo kuwa hatari. Maganda yakifukiwa chini ya lundo pasipo hewa huoza kwa njia nyingine, yakatoa gesi ya methani, ambayo katika kipimo cha miaka 100 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 ya hewa ukaa ya uzito uleule. Gesi hiyo ndiyo inayolisha moto wa chini kwa chini unaofuka madamponi kwa siku nyingi. Majimaji meusi yanayochuruzika huingia ardhini na kwenye vijito. Lundo lenyewe, likiwa laini na limeloa, hushindwa kujishikilia. Machi 2017 dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Agosti 2024 ikawa Kiteezi, Kampala, ambako waliokufa walizidi 30. Wengi walikuwa watu waliojenga au kutafuta riziki pembeni ya lundo.

Sasa tuingie jikoni. Unahitaji ndoo mbili. Moja yenye mfuniko kwa ajili ya kinachooza, nyingine au hata kiroba kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya vitu vikavu. Pampasi, pedi na uchafu wa chooni vikae kwenye mfuko wake peke yake. Hivyo ndivyo vinavyostahili kwenda dampo.

Mwenye uwanja, hata mdogo, anaweza kumaliza taka zake za kuoza bila kumtegemea mtu. Anayeishi ghorofani anaweza kutumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu ubavuni na chini, ikawekwa juu ya matofali mawili na beseni chini yake. Siri ya mboji ni uwiano. Wadudu wadogo wanaoozesha wanataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Maganda mabichi yana nitrojeni nyingi. Majani makavu, maranda ya fundi seremala na boksi lililochanwachanwa vina kaboni nyingi. Kwa hiyo kila ukimwaga maganda, funika kwa majani makavu ya ujazo uleule au zaidi. Wapishi wengi wa mboji wanashindwa hapa tu: wanamwaga maganda juu ya maganda, siku ya tatu nyumba inanuka, siku ya nne mama mwenye nyumba anapiga marufuku. Ikinuka, jua imeloa mno na imekosa hewa. Ongeza vikavu, geuza. Ikikaa wiki mbili bila kubadilika, imekauka, nyunyizia maji. Shika gao moja ulibane: usikie unyevu kiganjani, lakini maji yasidondoke.

Geuza mara moja kwa wiki. Rundo la uwanjani lenye upana na kimo cha mita moja hupanda joto hadi nyuzi 55 au 65, kiasi cha kuua mbegu za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Ndoo haifiki joto hilo, kwa hiyo usiweke humo kinyesi cha paka wala mbwa, na iache mboji yake ipumzike kabla ya kuichanganya na udongo wa mchicha. Kwa joto la pwani, miezi miwili hadi mitatu inatosha. Vichwa vya samaki, mifupa na mafuta ya kukaangia huita panya; vifukie shimoni kwa kina. Makumbi ya nazi na ya madafu huchukua muda mrefu sana kuoza, lakini yakikatwakatwa ni vikavu vizuri vya kuipa mboji hewa. Vifuu ni kuni.

Kama mboji huiwezi, tafuta mfugaji. Wapo wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na nguruwe mjini wanaozungukia magenge na kwa mama lishe kuchukua maganda, na wengi watachukua na ya kwako ikiwa hawatakuta kiwembe ndani. Wengine sasa wanafuga funza wa inzi askari mweusi kwa mabaki ya chakula, kisha funza wanakuwa chakula cha kuku na samaki. Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, walijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masokoni. Njia zote hizi zina sharti moja: taka iwe haijachanganyika na nyingine.

Vitu vikavu ni habari fupi, maana soko lake tayari lipo. Chupa moja ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, hivyo muokota chupa anahitaji chupa 50 hadi 100 kupata kilo moja. Anayemnunulia kwenye mizani hukata uzito kwa ajili ya tope na maji, na chupa iliyolala na pampasi huitupa. Boksi lililoloa mchuzi halina bei. Weka hivyo vikavu, na mtu yuleyule aliyekuwa anachakura kiroba chako alfajiri atabisha hodi mchana. Madumu, ndoo zilizopasuka, chuma chakavu na makopo ya alumini vina wanunuzi. Kuyeyusha alumini ya zamani huokoa takribani asilimia 95 ya nishati inayotumika kuitengeneza upya kutoka kwenye mwamba. Chupa ya kioo ya soda unayoirudisha dukani ndipo upewe nyingine ni mfumo bora kuliko yote niliyoitaja, kwa kuwa chupa inaoshwa na kujazwa tena bila kuyeyushwa, na inasikitisha jinsi tunavyouacha upotee.

Nisimdanganye msomaji: pakiti za biskuti na krispi, sacheti na sahani za povu kwa kawaida hazina mnunuzi, hata zikiwa na pembetatu yenye namba. Namba ile inaeleza aina ya plastiki, haiahidi kwamba kuna atakayeichakata. Dawa yake ni kuzinunua kidogo. Wala usizichome uwanjani. Moshi wa plastiki, hasa wa mabomba na ngozi bandia, hubeba sumu zinazobaki mwilini muda mrefu, na wa kwanza kuuvuta ni wanao.

Kuna jambo dogo ambalo naliomba kwa msisitizo. Sindano za mgonjwa wa kisukari, nyembe na vipande vya glasi vitie kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifunge kizibo, na umwambie anayebeba kilichomo. Vijana wa gari la taka wengi hubeba viroba kwa mikono mitupu.

Najua swali linalofuata, kwa kuwa huulizwa kila ninapozungumza: nitenganishe kwa faida gani ikiwa gari linakuja kuchanganya vyote? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba ukitenganisha, sehemu kubwa haifiki kwenye gari kabisa. Zaidi ya nusu imebaki uwanjani au imekwenda kwa mfugaji, chupa na chuma vimekwenda na muokota chupa, na kinachosubiri honi ni kifurushi kidogo ambacho kikichanganywa hakiharibu kitu. Lakini mkandarasi naye hapaswi kuachiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa zihakikishe taka zinatenganishwa pale zinapozalishwa. Wenzetu Kenya, katika sheria yao ya taka ya mwaka 2022, wameweka mgawanyo huohuo wa mafungu mawili, la kuoza na lisilooza. Na Bonyokwa, hapahapa Ilala, asasi ya Nipe Fagio imeonyesha kwamba mtaa wa watu wa kipato cha kawaida unaweza kutenganisha: wakusanyaji wameunda ushirika wao, wanapita nyumba kwa nyumba, na taka zinachambuliwa karibu na zilikotoka badala ya kusafirishwa zote hadi Pugu.

Wanaosema Watanzania hawabadiliki wakumbuke tarehe 1 Juni 2019. Siku ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na watu waliozoea kupewa mfuko hata kwa nyanya mbili wakaanza kutoka nyumbani na kikapu.

Kwa hiyo, mkutano wa mtaa utakapoitishwa, nenda. Muombe mwenyekiti aje na mkataba wa mkandarasi, muulize mbele ya watu kama mkataba huo unasema lolote kuhusu kutenganisha, kisha pendekezeni siku moja ya kuchukua taka za kuoza na siku nyingine ya vitu vikavu, kwa ada ileile mnayolipa sasa. Mkandarasi atakubali haraka kuliko mnavyodhani, kwa kuwa mzigo mwepesi unampunguzia safari. Ndoo ya pili usiingoje mkutano. Iweke jikoni leo.