Kisukari: Sahani na kipimo vitangulie, mwarobaini ufuate

Kwa mkazi wa Bungoma, neno sukari lina sura mbili. Ya kwanza ni ya miwa inayosombwa na matrekta kuelekea kiwanda cha Nzoia, kilichoanza kusaga mwaka wa 1978, na ambayo imewalipia karo watoto wa wakulima wengi. Ya pili hutajwa kwa sauti ya chini, mtu anapopita njiani na majirani wakanong'onezana kuwa "ana sukari". Aghalabu anayesemwa hivyo amekwisha kuishi na maradhi hayo kwa miaka kadhaa bila kujua.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa takriban asilimia 88 ya Wakenya wa umri wa kati ya miaka 18 na 69 hawakuwa wamewahi kupimwa kiwango cha sukari katika damu. Ulimwenguni kote, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka wa 2024 watu wazima milioni 589 walikuwa na ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya wanne kati ya kila kumi miongoni mwao hawakujua.

Chakula cha wanga, kiwe ugali, chapati au viazi, huvunjwavunjwa tumboni na kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia katika damu. Ili seli za mwili ziweze kuitumia, sharti iwepo homoni ya insulini inayotengenezwa na kongosho. Mkulima wa Kitale ataelewa jambo hili upesi. Mahindi yakifika kwenye ghala na mwenye ufunguo asiwepo, magunia hurundikana nje huku waliomo ndani wakilala njaa. Hiyo ndiyo hali ya mgonjwa ambaye damu yake imejaa sukari ilhali mwili wake unakonda na kuchoka.

Sukari ikizidi, figo hulazimika kuimwaga kupitia mkojo, nayo huondoka na maji mengi. Ndiyo maana mgonjwa huenda haja ndogo mara kwa mara usiku na kushikwa na kiu isiyokatika. Matabibu wa India ya kale waliutambua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wakiukimbilia mkojo wa mgonjwa, wakauita mkojo wa asali.

Kisukari si ugonjwa mmoja. Katika aina ya kwanza, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, kinga ya mwili huziharibu chembe zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila ya kudungwa homoni hiyo. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuigundua mjini Toronto mwaka wa 1921, mtoto aliyepatwa na maradhi haya hakuwa na matumaini. Hakuna mti, mzizi wala mlo unaoweza kuchukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyo, na hapa hapana mjadala.

Hatari yake katika magharibi mwa Kenya ni kwamba dalili za mtoto huyo hufanana na za malaria. Anatapika, anasinzia, tumbo linamuuma na pumzi zinamwenda kwa kasi. Katika eneo lenye malaria nyingi kama Bungoma, ni rahisi mzazi kukimbilia dawa za malaria, au jamaa kuanza kutafuta ni nani aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Mtoto aliyekuwa akinywa maji mno, aliyeanza kukojoa kitandani baada ya kuacha tabia hiyo, na ambaye pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, anapaswa kutobolewa kidole apimwe sukari siku hiyo hiyo. Kukawia kwa siku moja kunaweza kumgharimu uhai.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi. Hapa insulini ipo, ila mwili hauiitikii ipasavyo, na baada ya muda kongosho nalo huchoka. Unene wa tumboni, kukaa bila kuutumikisha mwili, umri na urithi wa ukoo huchangia. Iko pia aina inayojitokeza wakati wa ujauzito, na mama aliyewahi kuipata anafaa kuendelea kupimwa hata baada ya kujifungua.

Kipimo chenyewe hakina mzungu. Mtu ambaye hajala usiku kucha akipatikana na milimoli 7.0 au zaidi kwa kila lita ya damu, na kipimo kikathibitishwa kwa kurudiwa, huyo ana kisukari. Kwa kipimo kinachofanywa wakati wowote, kiwango ni 11.1 au zaidi, pamoja na dalili. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, huashiria ugonjwa kuanzia asilimia 6.5.

Turejee kwenye sahani, kwa kuwa hapo ndipo mgonjwa wa aina ya pili ana mamlaka makubwa kuliko daktari wake. Kitale ni kitovu cha mahindi ya Kenya. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed iliasisiwa huko mwaka wa 1956, na mbegu chotara ya H611 iliyotokana na utafiti wa huko ikaanza kutolewa kwa wakulima mwaka wa 1964. Mafanikio hayo yaliliondolea taifa njaa nyingi. Hata hivyo, mahindi yalivyozidi kutawala mashamba, ndivyo wimbi na mtama vilivyozidi kusukumwa pembeni, na baadaye ukaja unga mweupe wa pakiti, uliokobolewa hadi makapi yenye nyuzinyuzi yakawa chakula cha ng'ombe.

Kumwambia mtu wa Bungoma aache ugali ni kupoteza wakati, wala hakuna sababu ya kumwambia hivyo. Kinachohitajika ni kupunguza kipande na kubadilisha unga. Ugali wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, au wa wimbi uliochanganywa na mtama, hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi kuliko ule wa unga mweupe. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani wimbi ni dawa. Wimbi ni wanga vilevile. Uji wake mwepesi, uliochujwa na kutiwa sukari vijiko vinne, hupandisha sukari ya damu kwa haraka sana, na mgonjwa anayekunywa kikombe kikubwa kila asubuhi akijihesabu kuwa anajitibu anajidanganya.

Kanuni inayofunzwa kliniki ni nyepesi kukumbukwa. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo iliyobaki iwe ugali, kipande kisichozidi ngumi ya anayekula. Kwa bahati nzuri mboga za eneo hili hazina mfano: murenda, saga, managu, kunde, miroo na majani ya maboga. Zinapatikana Chwele na katika soko la Kitale kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo anaimudu. Utafiti umeonyesha pia kwamba anayeanza kula mboga na kitoweo kabla ya wanga, sukari yake haipandi kwa kasi. Viazi vitamu vilivyochemshwa ni bora kuliko vilivyochomwa, na ndizi mbichi ya kupika ni bora kuliko ndizi iliyoiva sana.

Adui aliyejificha ni chai. Mtu anayetia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe, na kunywa vikombe vitatu kwa siku, amekunywa vijiko tisa kabla ya kugusa andazi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ni vyema zaidi isizidi asilimia 5, yaani takriban vijiko sita kwa mtu mzima. Wengine wamehamia kwenye asali au sukari guru kwa imani kwamba ni za asili. Damu haijui asili. Miwa ya kutafuna na juisi ya matunda huhesabiwa katika fungu hilo hilo.

Nguvu ya mlo si hadithi. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 kuhusu watu waliokaribia kuugua ulionyesha kuwa waliopunguza uzani kiasi na kutembea angalau dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini walifikia asilimia 31. Nchini Uingereza, majaribio yaliyotangazwa mwishoni mwa 2017 yalibaini kuwa asilimia 46 ya wagonjwa waliowekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzani waliweza kukaa bila dawa baada ya mwaka mmoja huku sukari ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa. Hao walikuwa na uzani mkubwa na hawakuwa wameugua kwa zaidi ya miaka sita. Mgonjwa aliyekonda hafai kuiga mpango kama huo.

Vipi basi kuhusu dawa za nyumbani? Ni nadra kukosa boma lenye mwarobaini, mlonge au shubiri, na katika maduka ya viungo kuna uwatu, mdalasini na karela. Si haki kuzipuuza zote kwa neno moja. Metformini yenyewe, dawa inayotangulia kuandikiwa wagonjwa wengi wa aina ya pili, ina asili ya uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na ilianza kutumiwa kwa wagonjwa nchini Ufaransa mwaka wa 1957. Tofauti ni kwamba kemikali yake ilitengwa, ikapimwa, kipimo cha kumeza kikajulikana na madhara yake yakaandikwa.

Mbegu za uwatu zina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, na majaribio madogo madogo yameonyesha inapungua kiasi. Karela na mdalasini zimetoa matokeo yanayopingana, na mdalasini wa kawaida ukiliwa kwa wingi kila siku una kemikali inayoweza kuumiza ini. Utomvu wa shubiri huharisha na kumaliza madini mwilini. Mwarobaini unaweza kushusha sukari, lakini anayechemsha majani hajui leo amekunywa kiasi gani na jana alikunywa kiasi gani. Akiongeza juu yake vidonge vya glibenklamidi, sukari inaweza kuporomoka hadi akazimia.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa na wachuuzi. Katika nchi kadhaa, maabara zimewahi kukuta unga wa "miti shamba" uliochanganywa kisiri na vidonge vya hospitali. Mgonjwa husifu mti kumbe anameza dawa ile ile aliyoikimbia, bila kipimo.

Wasomaji wengi wangali wanakumbuka mwaka wa 2011, misafara ya magari ilipopita Namanga kuelekea Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika kama Babu, aliuza kwa shilingi 500 za huko kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, kilichosemekana kuponya kisukari, Ukimwi, saratani na maradhi mengine. Kikombe chenyewe hakikuwa ndilo jambo lililowatia madaktari wasiwasi zaidi. Walihofia wagonjwa walioacha dawa zao baada ya kukinywa. Babu alifariki Julai 2021, na kisukari kingalipo.

Anayetaka kutumia mti wowote basi na amweleze daktari wake bila haya, asiache dawa, na apime sukari kabla na baada kwa siku kadhaa ili aone kwa macho yake kama kuna tofauti.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 4, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, husikia njaa kali na kusema maneno yasiyoeleweka. Mara nyingi hudhaniwa kuwa amelewa. Akiwa bado ana uwezo wa kumeza, apewe vijiko vitatu vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha chakula baada ya robo saa. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani, akimbizwe hospitalini. Busaa na chang'aa kwa mtu aliyemeza dawa bila ya kula huleta hali hiyo hiyo, kwa kuwa pombe hulizuia ini kutoa sukari yake ya akiba.

Miguu nayo ina habari yake. Sukari iliyozidi kwa miaka huua neva, na mkulima anaweza kutembea na mwiba ndani ya buti za mpira kutwa nzima bila ya kuhisi. Kitale ina baridi, na desturi ya kuota moto jioni imewaunguza wengi ambao nyayo zao hazisikii tena joto. Buti zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, miguu ioshwe na kukaguliwa kila jioni hata katikati ya vidole, na kidonda kisichopona kwa siku chache kipelekwe kliniki kabla ya kufikia kisu cha kukatia mguu.

Huduma zimesogea karibu kuliko zamani. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka wa 2001 kwa kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi kupitia Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, baadaye ulijumuisha kisukari na shinikizo la damu, Webuye ikiwa miongoni mwa maeneo ya kazi hiyo. Umejaribu pia kuyaunganisha matibabu na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kwa vile wagonjwa wengi hukatiza dawa kwa kukosa nauli.

Kwa wanaotumia insulini katika nyumba zisizo na jokofu, kuna habari njema kutoka Kenya kwenyewe. Utafiti wa madaktari wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka wa 2021, ulifuata hali ya joto katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab na kubaini kuwa chupa iliyofunguliwa hubaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kitale haijui joto la Dadaab. Chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati yake, kikikaa kivulini penye upepo kinatosha. Chupa iwe ndani ya mfuko usiopenya maji, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Na insulini iliyowahi kuganda kuwa barafu itupwe, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.