Gari limefufuliwa, lakini nani amekagua?

Hesabu ya karakana ni rahisi kuipiga, ngumu kuimeza. Kulifufua gari la spoti la Kiingereza la miaka ya 1960, tangu kulivua likabaki bodi tupu hadi kulirudisha barabarani, kunaweza kula saa 500 za fundi bila mtu kushangaa. Karakana inayotoza pauni 60 kwa saa itadai pauni 30,000 za ufundi peke yake. Ongeza VAT ya asilimia 20, bili inafika 36,000, na hapo spea bado. Gari lenyewe, kama ni MGB ya paa la kukunja, huenda lisipate hata nusu ya fedha hizo sokoni.

Biashara yote imejengwa juu ya pengo hilo. Anayenunua gari lililokwisha kufufuliwa ananunua saa zilizolipiwa na mtu mwingine: mstaafu ambaye mgongo haumruhusu tena kuingia na kutoka kwenye kiti cha chini namna ile, familia iliyorithi gari na haina pa kuliweka, au mtu aliyeanza kwa mapenzi akamalizia kwa mkopo. Ndiyo maana madalali wengi humwambia mteja asithubutu kufufua, bali asubiri hasara ya mwenzake. Kwa upande wa fedha, ushauri huo ni mgumu kuupinga. Kasoro yake ni kwamba saa zile 500, kama kweli zilifanywa, zimekwisha kufunikwa na rangi.

Uhaba si tatizo, ingawa matangazo hupenda kuuimba. Kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, kilitengeneza MGB kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha zile za paa gumu idadi ilipita 500,000. Spitfire, gari jingine la spoti la Kiingereza lililoanza na kumalizika miaka hiyo hiyo, lilipita 300,000. TR6 zilitoka zaidi ya 90,000 kabla ya kusimamishwa mwaka 1976, na chini ya moja katika kila kumi ndiyo iliyobaki Uingereza. Nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Hata E-Type, iliyowatoa watu macho kwenye maonyesho ya Geneva mwaka 1961, ilitengenezwa kama 72,000. Kinachokosekana ni gari ambalo historia yake inasomeka.

Bei zinafuata ngazi ya idadi hizo, kwa makadirio ya wauzaji wenyewe. MGB inayoendeshika vizuri huombwa kati ya pauni 8,000 na 15,000, na iliyofufuliwa kwa umakini hupanda zaidi. TR6 nzuri huvuka 20,000. E-Type za mwanzo ni soko la watu wengine kabisa, ambako tarakimu tano ndizo mwanzo wa mazungumzo na sita hazimshtui mtu.

Mfanyabiashara mmoja wa katikati ya Uingereza, ambaye hununua, hufufua na kuuza magari ya aina hii, ana lalamiko ambalo wenzake wengi wanalo. Anasema hakuna sheria inayoeleza ni kazi gani lazima iwe imefanyika kabla muuzaji hajalitangaza gari kuwa limefufuliwa. Wawili wanaweza kutangaza MGB nyekundu za mwaka mmoja, zote zinang'aa, na moja ikawa chini kwa pauni 4,000. Mteja anayechagua kwa macho huenda kwa ile ya bei nafuu, na mfanyabiashara huyu anabaki na gari lake na bili za kuchomelea.

Anachokilalamikia kiko chini ya milango. MGB haina chesisi ya kujitegemea; bodi ndiyo inayobeba uzito, na kwa kuwa gari halina paa la chuma, sehemu kubwa ya mzigo huangukia vizingiti vinavyopita chini ya milango. Kila kizingiti kina bati la nje, la ndani na la katikati. Kukifanya upya kama inavyotakiwa ni kukata hadi sehemu ya chini ya bawa la mbele, kuifunga bodi kwa vyuma vya kuishikilia isipinde, kuchomelea tabaka moja baada ya jingine, na kila mara kufunga mlango kuona kama mwanya umebaki sawa. Fundi mwenye haraka hapitii huko. Hubandika bati jipya juu ya kutu ya zamani, hujaza mashimo kwa puti, hupiga msasa, hupaka rangi. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili zisigande, na kazi ya namna hiyo hudumu misimu miwili hivi kabla rangi haijaanza kufura. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili kibaya nacho kinajiuza, mradi kimepata rangi.

Kuna na hili linalomuuma zaidi. Sheria ya walaji ya Uingereza ya 2015 inampa mteja wa dukani siku 30 za kukataa gari lenye kasoro, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, kwa kawaida muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa haikuwapo. Anayenunua kwa mtu binafsi hana kinga hiyo. Anachoweza kudai ni kwamba gari lilingane na maelezo na muuzaji asiwe amemdanganya. Kwa mujibu wa mfanyabiashara huyu, baadhi ya wanaojiita watu binafsi huuza magari manne au matano kwa mwaka kutoka kwenye ua wa nyumba, bila dhamana na bila VAT. Yeye analipa pango, bima na mhasibu, kisha anashindanishwa nao kwa bei.

Lalamiko lina uzito, ingawa mlalamikaji naye ni muuzaji. Picha za kazi anazomwonyesha mteja amezipiga mwenyewe, na faida yake imo ndani ya ile tofauti ya pauni 4,000. Wanunuzi wenye uzoefu hawamkubali yeye wala yule wa uani kwa neno tupu. Wanataka bili zenye tarehe na namba ya gari, picha za bodi ikiwa tupu kabla na baada ya kuchomelewa, na ikiwezekana jina la fundi anayeweza kupigiwa simu. Kisha wanapiga magoti. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa haishiki penye puti nene. Jeki ikiinua upande mmoja na mwanya wa mlango ukabana, au mlango ukakataa kufunguka, bodi imelegea, na hakuna haja ya kuuliza habari za injini.

Injini, kwa kweli, ndiyo inayowapa mafundi usingizi. Ile ya MGB ya sentimita za ujazo 1,798 ni chuma kigumu, haina mafumbo, na spea zake zinapatikana kwa bei ambayo mwenye gari jipya angeionea wivu. Zinapatikana hata bodi: tangu 1988 bodi nzima mpya ya MGB imekuwa ikitengenezwa Uingereza kwa kutumia mitambo ya asili ya kukandamiza bati, na leo bei yake inapita pauni 10,000. Mtu anaweza kununua gari la 1967 ambalo bati lake halina umri huo hata kidogo. Kwa matumizi ya barabarani hilo ni jambo jema. Kwa bei, inategemea muuzaji amelisema au amelinyamazia.

TR6 ina mtego wake. Ina chesisi, na chesisi hiyo hupenda kuoza nyuma, pale difu inaposhikiliwa. Vishikio vyake hupasuka, na mlio wa kugonga unaosikika wakati wa kuachia klachi si wa kupuuzwa. Halafu lipo suala la gari limetoka wapi. Zilizouzwa Uingereza zilikuwa na mfumo wa kunyunyiza petroli na mwanzoni kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 150; zile za Marekani zilikuwa na kabureta mbili na nguvu zilizozidi 100 kwa kidogo tu. Magari mengi yamerudishwa kutoka majimbo makavu kama California, bati likiwa zima, yakahamishiwa usukani kulia na kuuzwa kana kwamba hayakuwahi kuondoka. Namba ya chesisi inasema ukweli: inayoanza na CP au CR ilizaliwa na mfumo wa kunyunyiza, na ya CC au CF ilitengenezwa kwa Marekani. Kurudi huko kumepewa nafuu pia. Gari lenye zaidi ya miaka 30, likiwa katika hali yake ya asili na lisilo la matumizi ya kila siku, linaweza kuingia Uingereza bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20.

Serikali ya Uingereza hujivunia kuwajali wenye magari ya kale. Gari likipita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, ilimradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba wenye magari haya huyatunza vizuri. Huenda ni kweli kwa wengi, lakini wengi katika waliotoa maoni kabla ya uamuzi huo waliupinga, na miongoni mwao walikuwamo wapenzi wa magari wenyewe. Msamaha ule uliondoa karatasi pekee ambayo mtu asiye na maslahi alikuwa akiiandika kila mwaka kuhusu kutu, breki na usukani. Wajibu wa kuwa na gari salama ulibaki, na faini ya kuendesha gari bovu inaweza kufika pauni 2,500. Mnunuzi makini leo anamtaka muuzaji alipeleke gari kwenye ukaguzi huo kwa hiari. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Takwimu ya petroli ndiyo inayozua kelele nyingi zaidi. Mwaka 2021, petroli ya kawaida Uingereza ilipobadilishwa ikawa na ethanoli hadi asilimia 10, maofisa walisema asilimia 95 hivi ya magari ya petroli yanaweza kuitumia bila shida, na kwamba faida kwa hewa ingekuwa sawa na kuyaondoa magari 350,000 barabarani. Takwimu hizo zimerudiwa mno, na hakuna sababu ya kudhani zilipikwa. Ila magari yanayozungumzwa hapa yamo ndani ya ile asilimia 5 iliyobaki. Ethanoli huvuta unyevu na hulainisha mipira ya zamani ya mafuta, na mpira wa petroli ukivuja juu ya ekzosi yenye moto, tajriba ya mwenye gari haimo kwenye asilimia yoyote. Petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5 bado inauzwa, kwa bei ya juu na si kila kituo. Gari lililofufuliwa kabla ya 2021 likiwa bado na mipira ileile linahitaji kubadilishiwa yote. Kazi si ghali, lakini ni nadra kutajwa kwenye tangazo. Suala la petroli isiyo na risasi, iliyobaki peke yake vituoni tangu 2000, wengi walilimaliza kwa kuweka vikalio vigumu vya valvu, na bili ya kazi hiyo nayo inafaa kuonekana.

Madalali wana kitu kingine wanachokipenda: faida ya kuuza gari Uingereza haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, kwa sababu sheria inalihesabu gari kuwa mali inayochakaa. Wanakisema kama chambo. Hawamalizii kwamba hasara nayo haipunguzwi popote, na kwamba ongezeko lenyewe limekuwa gumu kuonekana kwenye MGB na Spitfire. Waliokuwapo mwishoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka bei zilivyopaa kwa fedha za walanguzi kisha zikaporomoka kuanzia 1990, watu wakabaki na E-Type walizozinunua kwa mkopo wa nyumba.

Kwa wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoota kulileta moja nyumbani, njia ni nyembamba. Kenya kwa kanuni ya kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Tanzania, ingawa haikatazi, huongeza ushuru kwa ajili ya umri. Ndiyo maana mengi ya magari haya yanayoonekana Afrika Mashariki ni yale yaliyofika enzi zake yakabaki. Usukani uko upande unaofaa na kutu ya bara ni ndogo. Mombasa na Zanzibar hakuna wa kuahidi hivyo.

Kuhusu siku za mbele, kila anayeulizwa anajibu kulingana na alichonacho ghalani. Wenye E-Type wanasema kilicho bora hakishuki. Wenye MGB wanakiri, kwa sauti ya chini, kwamba waliokulia na magari haya wanazeeka, na vijana wanaotaka gari la wazi wanaweza kupata MX-5 ya Kijapani, iliyozinduliwa 1989 kwa kuiga mtindo huohuo, ikawaka asubuhi ya baridi bila maombi. Mafundi bodi wanaojua kuchomelea vizingiti kwa utaratibu nao wanastaafu, na ujira wa waliobaki hauelekei kushuka. Hilo linaweza kuyapandisha bei magari ambayo kazi imeshafanyika, au likawakimbiza wanunuzi kabisa. Mfanyabiashara wetu anaamini la kwanza, kama inavyotarajiwa kwa mtu mwenye magari sita yaliyokamilika.

Kwa sasa wanaofaidika ni wenye subira. Wauzaji hupenda kutangaza Aprili, jua linapoanza na kila mtu akitaka kukunja paa. Novemba, mvua ikinyesha na gari likila pango la ghala, bei hiyohiyo huanza kuzungumzika, na paa bovu linalovuja halina pa kujificha.