Gari Liko Baharini, Nyumba Je?

Ukiagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, kati ya siku unayolipa na siku unayokabidhiwa funguo kuna wiki kadhaa za kungoja. Meli peke yake huchukua mwezi hivi, au mwezi na nusu, kufika Mombasa. Halafu kuna ushuru, makaratasi na foleni ya bandarini. Wengi hutumia muda huo kufuatilia meli kwenye simu na kutazama video za watu wengine wakiendesha gari kama hilo. Si vibaya, ila gari lenyewe limeshaundwa, na kwa sasa huna la kulifanya. Kitu ambacho hakijawa tayari ni nyumba yako. Isipokuwa tayari, gari uliloliwekea akiba miaka mingi litakaa getini kama kabati.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo hofu nyingi huisha. Betri ya gari hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ni ile ile uniti moja unayonunua kwenye tokeni za stima. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Leaf zinazoingia sasa ni za kizazi cha pili, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, na nyingi zina betri ya uniti 40. Hiyo ni 40 ikiwa mpya. Tuseme yako imechoka kidogo, imebaki na asilimia 85: una uniti 34. Leaf inayoendeshwa kwa utulivu hula kama uniti 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo una kilomita mia mbili na kitu.

Sasa chukua mtu anayekaa Kitengela na kufanya kazi katikati ya Nairobi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60, yaani uniti 10 hivi. Chaja ndogo ya kuchomeka ukutani huvuta ampea 10, na kwa volti 240 hiyo ni kilowati 2.4. Ukiongeza nishati inayopotea njiani kama joto, utahitaji kuvuta uniti 11, na saa tano zitatosha kabisa. Huhitaji kujaza betri nzima kila usiku. Unarudisha ulichotumia mchana, na muda wa kulala unakutosha na kubaki.

(Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Kando ya kipimo cha chaji kuna vijipau 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijipau cha kwanza kikipotea, ujue karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Vinavyofuata hupotea kwa hatua ndogo zaidi. Kama hataki kutuma picha, tafuta muuzaji mwingine.)

Kwa hiyo soketi ya kawaida inaweza kukutosha, lakini itafanya kazi ambayo haijawahi kufanya. Birika la umeme huvuta karibu kiasi hicho hicho cha stima, ila kwa dakika nne tu. Pasi huwaka na kuzima. Gari litavuta ampea 10 bila kupumzika kwa saa tano, kila usiku. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayounguza soketi.

Fizikia yake ni fupi: joto linalotokea kwenye kiungo cha umeme ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani wa kiungo hicho. Kiungo kizuri kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.01. Kwa ampea 10, hiyo ni wati moja, hata hutaihisi. Lakini soketi iliyolegea, au skrubu ambayo fundi aliikaza nusu nusu, ikifika omu 0.3 tu, unapata wati 30. Wati 30 ni chuma cha kuchomea risasi cha fundi wa redio, sasa kimekaa ndani ya kikasha cha plastiki ukutani nawe umelala. Na kadiri kiungo kinavyopata moto ndivyo chuma chake kinavyolegea na kuota kutu, ukinzani unapanda, joto linaongezeka.

Hesabu hiyo hiyo inakupa njia ya kujiokoa. Mkondo unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo ukiipunguza chaja kutoka ampea 10 hadi 6, zile wati 30 zinashuka hadi karibu 11. Chaja nyingi za kubeba zina kitufe cha kuchagua ampea. Usiku wa kwanza anza na 6. Baada ya nusu saa gusa plagi: uvuguvugu si tatizo, lakini kama huwezi kuishikilia, zima uite fundi. Njia bora zaidi ni fundi akuvutie waya mpya kutoka kwenye boksi la breka moja kwa moja hadi unapoegesha, na breka yake peke yake, isichangie na friji wala jiko. Na extension sahau. Extension iliyokunjwa kwenye kigurudumu chake hujipasha moto yenyewe kama koili.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalitarajii. Gari linaweza kufika zima, ulichomeke, na likatae kuchaji, huku soketi ile ile ikichemsha chai vizuri tu. Mara nyingi tatizo ni ethi.

Kile kikasha kilicho katikati ya kebo ya kuchajia huzungumza na gari kabla ya kuruhusu stima ipite. Hutuma mapigo madogo ya volti 12, mara elfu moja kwa sekunde, na upana wa kila pigo huliambia gari ampea ngapi zinaruhusiwa. Mapigo hayo hurudi kupitia waya wa ethi, na vikasha vingi hukagua pia kama ethi ya nyumba ipo kweli. Wasipoelewana, hakuna kuchaji. Birika halijali mambo hayo.

Kikasha hakifanyi usumbufu wa bure. Gari ni bodi ya chuma iliyokaa juu ya matairi ya mpira, haligusi ardhi. Waya wa moto ukigusa bodi mahali popote, stima haina njia ya kushuka, inakaa hapo ikimngoja mtu mwenye miguu iliyolowa aje kufungua mlango. Ethi huipa njia nyingine, na breka ya kuvuja kwa stima, ile ya miliampea 30, huikata kabla haijaua.

Kwa hiyo mwambie fundi apime ukinzani wa ethi kwa mita yake. Kuona waya wa kijani na njano hakutoshi, kwa sababu unaweza kuwa umeishia ndani ya ukuta bila kufika popote. Ikiwezekana apime wakati wa kiangazi. Fimbo ya ethi hutegemea unyevu wa udongo, na ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kitengela na Athi River hupasuka jua likikolea na kuachana na fimbo. Ethi iliyopita mtihani mwezi wa Aprili inaweza kufeli Februari.

Ukiwa mpangaji ghorofa ya tatu, swali lako la kwanza ni la mwenye nyumba, na liulizwe kabla ya kuagiza gari. Mwendee na mpango mzima: waya utapita wapi, nani analipa, mita ndogo ya kuhesabu uniti zako itakaa wapi. Kebo inayoning'inia kutoka dirishani si mpango.

Angalia pia kebo inayokuja na gari. Leaf ya Japani mara nyingi hufika na kebo yenye plagi ya Kijapani, iliyotengenezewa volti 200 za kule. Usikubali fundi akate plagi na kufunga ya pini tatu. Nunua kebo ya volti 240 yenye kichwa cha Type 1, ndicho Leaf hiyo inachotumia kwa chaji ya kawaida. Chaji ya haraka hutumia CHAdeMO, kwa hiyo uliza vituo vilivyo karibu nawe kama wanayo. Vingi vinaangalia zaidi magari ya vichwa vingine.

Gari likishuka Mombasa, usishangae likiwa limekufa kabisa. Pamoja na betri kubwa, gari la umeme lina betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na hiyo ndiyo huamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikiisha wakati wa safari, uniti zote zilizomo kwenye betri kubwa hazikusaidii. Dawa ni kulishtua kwa betri nyingine ya volti 12, halafu ikibidi ununue mpya.

Na usilete gari Nairobi kwa kuliendesha eti kulizoea. Ni kama kilomita 480, sawa na uniti 77. Ongeza mlima: kuinua kilo 1,600 kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 kunahitaji kama uniti 7 na nusu peke yake. Jumla ni karibu 84, na wewe una 34. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, kwa hiyo chaji za haraka zikifuatana kwenye joto la Voi na Mtito Andei zitaipasha mno na kuizeesha. Lipia lori la kubebea magari.

Limebaki la mita. Uniti 11 kwa siku 26 za mwezi ni kama 286. Bei ya uniti ya nyumbani Kenya hutegemea wastani wa matumizi yako, na ukivuka uniti 100 kwa mwezi unahamishiwa kundi la bei ya juu kwa uniti zote, za taa na televisheni pamoja. Tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari, na uniti za usiku ni nusu ya za mchana, lakini inataka mita yake. Maombi ya mita huchukua muda, kwa hiyo nenda Kenya Power meli ikiwa bado iko baharini.

Punguzo hilo la usiku lina sababu yake Olkaria. Mvuke wa chini ya ardhi haujui saa. Usiku wa manane, viwanda vikiwa vimefungwa na watu wamelala, mvuke unaendelea kupanda, na mwingine huachiwa tu upotee hewani kwa kukosa wa kutumia stima yake.