Chuma cha Mazoezi cha Chupa na Mchanga

Mitaani huonekana mara nyingi bomba la chuma lililopachikwa makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, moja kila upande. Hicho ndicho chuma cha mazoezi cha watu wasio na fedha ya kununua cha dukani, nacho hufanya kazi vema. Lakini ukimwuliza mwenyewe, "Kina uzito gani?" huenda akakisia tu. Zege lililokauka hukaribia kilogramu 2.4 kwa kila lita moja. Basi makopo mawili ya lita 4 hukaribia kilogramu 19, bomba lisipohesabiwa. Huo si mzigo wa mtoto.

Sisi tutatengeneza chuma kidogo, nasi tutaujua uzito wake kabla ya kukiinua.

Tafuta chupa tatu za plastiki za nusu lita, zinazofanana na zenye vifuniko. Tafuta pia kamba nyembamba, fito iliyonyooka yenye urefu wa mita moja hivi, na mchanga. Chekecha mchanga, kisha uuanike juani mpaka ukauke kabisa, kwa maana mchanga mbichi huganda mdomoni mwa chupa. Jaza maji katika chupa moja. Chupa mbili zilizobaki zijaze mchanga mpaka usawa uleule wa maji, ukizigongagonga chini ili mchanga ushuke. Funga vifuniko kwa nguvu.

Sasa tupime. Funga kamba katikati ya fito, uitundike kwenye tawi, uisogeze mpaka ilale sawa. Hapo kamba iliposhika ndipo egemeo. Tundika chupa ya mchanga upande mmoja, sentimita 10 kutoka kwenye egemeo. Upande wa pili tundika chupa ya maji, uisogeze polepole mpaka fito ilale sawa tena. Utaona kwamba chupa ya maji imekwenda mbali zaidi, yapata sentimita 16.

Nusu lita ya maji ina uzito wa gramu 500. Uzito wa chupa tupu ni mdogo sana, nasi hatutauhesabu. Zidisha uzito kwa umbali wake: 500 mara 16 ni 8,000. Upande wa mchanga nao lazima upate 8,000, na umbali wake ni 10. Kwa hiyo mchanga una uzito wa gramu 800. Usishangae ukipata 750 au 850, kwani mchanga wa mto mmoja si sawa na wa mto mwingine.

Shika chupa moja ya mchanga, unyooshe mkono mbele yako, uhesabu polepole hadi ishirini. Kisha kunja mkono, kiwiko kikae ubavuni, kigasha kielekee mbele, uhesabu tena. Chupa ni ileile, lakini bega limepumzika. Mkono uliponyooka, mzigo ulikuwa mbali na bega, kama chupa ya maji ilivyokuwa mbali na egemeo; ulipokunjwa, mzigo ulisogea karibu.

Hata hivyo, sasa msuli wa mbele ya mkono ndio unaofanya kazi. Uguse kwa mkono wa pili, utauona umekuwa mgumu. Kigasha ni nyenzo, na kiwiko ni egemeo lake. Chupa iko sentimita 25 hivi kutoka kwenye kiwiko, lakini msuli huo umeshikana na mfupa karibu sana na kiwiko, sentimita 3 au 4 tu. Kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu mara sita hadi nane ya uzito ulioshikwa. Chupa ya gramu 800 huutaka msuli uvute kama anayeinua kilogramu 5 au 6. Je, jiwe la kilogramu 5, ambalo mwenzako amekwambia ni jepesi, litautaka uvute kiasi gani? Piga hesabu kabla ya kuligusa.

Kabla ya kila zoezi, kagua chupa zako. Plastiki iliyokaa juani kwa muda mrefu hupasuka, ibadilishe. Usiinue chupa juu ya kichwa, wala usijaribu kumimina zege peke yako: saruji mbichi huunguza ngozi, na maumivu huweza kuchelewa kuonekana.

Zoezi

Bomba lina urefu wa sentimita 140. Mwisho mmoja una kopo la zege la lita 4, na mwisho wa pili una kopo la lita 3. Uzito wa bomba lenyewe usihesabiwe. Mtu anataka kulibeba begani lilale sawa. Bega likae sentimita ngapi kutoka kwenye kopo kubwa? Jaribu kwanza kwa fito yako na chupa mbili zisizojazwa sawa.